Mbwa wa Mtu Mmoja

Mume wangu alimnunua yule mbwa Sanya Juu siku ya soko, akiwa kitoto cha kuenea kiganjani, akamleta nyumbani ndani ya kikapu kilichofunikwa majani ya mgomba. Nilidhani ameniletea kuku. Nilipoinua majani nikakutana na macho, nikaachia kikapu, na mbwa akaanza maisha yake kwangu kwa kuanguka sakafuni. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwamba hatukuanza vizuri.

Mimi naogopa mbwa. Si suala la kuwapenda au kutowapenda, nawaogopa. Nilipokuwa msichana nilikuwa natumwa maziwa kwa jirani, na njia ilipita katikati ya migomba ya watu, ambako mbwa wao alikuwa ananisubiri bila kubweka. Hakuniuma hata siku moja. Alikuwa anatoka tu, ananifuata karibu kabisa na visigino mpaka mwisho wa shamba lao, kisha anarudi. Afadhali angeniuma yakaisha. Mpaka leo nikitembea peke yangu kwenye migomba huwa nasikia pumzi nyuma yangu, na huwa nageuka.

Mume wangu alitaka mbwa mkali. Tunakaa juu kidogo ya Rau, kwenye kihamba, shamba la urithi la ukoo wao. Kahawa na migomba imeizunguka nyumba pande zote, na mwizi akiingia humo humwoni mpaka ameshika kitasa. Kwa hiyo alifanya kama wanavyofanya wengi huku kwetu. Alimjengea mbwa banda la mbao lisilo na dirisha, akamfungia humo mchana kutwa asizoee watu, na chakula akawa anampa yeye peke yake. Mimi nilikatazwa kumtupia hata mfupa, maana alisema mbwa akilishwa na watu wawili anaharibika. Wengine huwatia mbwa wao pilipili kwenye ugali ili wazidi ukali. Yeye hakufika huko. Jina hakumpa. Alimwita "wewe", kwa sauti ileile aliyoniitia mimi chai ikichelewa, na kuna siku tuliitika wote wawili.

Mbinu yake ilifanya kazi barabara. Mbwa akawa mkali kweli, akamjua mtu mmoja tu duniani. Halafu mtu huyo akafa.

Presha ilimchukua ghafla akiwa anapogoa kahawa. Tulimzika palepale kihambani, nyuma ya nyumba, karibu na banda la mbwa. Siku za msiba mbwa hakunyamaza, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikwenda kumtuliza. Akafungua mlango kidogo tu. Mbwa alimng'ata shavu la mguu mbele ya waombolezaji, na ilibidi watu wawili waache kuchota maji wampeleke akachomwe sindano. Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani na akina mama. Macho yake wakati huo yalikuwa yameshaanza kuona vivuli tu, na alisikia kelele bila kujua nani anauawa. Baada ya matanga alikwenda kukaa kwa binti yake Sanya Juu, na hakukanyaga tena kwangu.

Shemeji alirudi baadaye akichechemea. Nadhani mguu ulikuwa umeshapona, lakini alikuja akichechemea.

"Shemeji," akaniambia, "Krismasi mama anataka kuja kukaa na kaburi la mwanawe. Na watoto wote wanapanda kuja nyumbani, unajua. Huyo mbwa hawezi kuwepo hapa. Nitaleta nyama yenye dawa. Wewe kaa ndani, hutaona chochote."

"Lete," nikamwambia, na nilimaanisha. Wakati huo nilikuwa namlisha mbwa kwa kusukuma sufuria kwa mti mrefu chini ya mlango wa banda, na kila nikimaliza nilikaa kwenye kigoda cha jikoni mpaka miguu yangu ikubali kusimama. Mara mbili kwa siku mtu anakaribia kuzimia kwa sababu ya ugali na dagaa. Nilichoka.

Asubuhi ambayo shemeji alikuwa alete nyama, mvua ilinyesha na uwanja ukawa tope. Nikavaa mabuti ya marehemu, yaliyokuwa bado mlangoni, nikachukua sufuria. Nilipokaribia banda nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: mkia unapiga mbao, na kisauti chembamba, kile cha kulia kwa furaha. Mbwa alikuwa amesikia mabuti. Nikasema "tulia", na aliposikia ni sauti yangu, mkia ukanyamaza, na nikamsikia akirudi kwenye kona yake na kujibwaga chini. Nilisimama kwenye mvua na sufuria yangu nikalia kuliko nilivyolia msibani, kwa sababu msibani kulikuwa na watu wa kuwapakulia. Sisi wote tulikuwa tumeshamzika. Yule mbwa alikuwa bado anamngoja.

Shemeji akaja na kifurushi chake cha gazeti. Nikamwambia arudi nacho. Akasema msiba umenichanganya.

"Nipe mpaka Krismasi," nikasema. "Mama akija, mbwa akimfanyia ubaya wowote, nyama nitampa mwenyewe kwa mkono wangu."

"Utampa kweli?"

"Nitampa."

Alipoondoka ndipo nilipotambua nilichofanya. Nilikuwa nimejifunga kufuga kitu ninachokiogopa kuliko vyote, na nikishindwa, kukiua mimi mwenyewe.

Kazi yangu ni cherehani. Mmoja wa wateja wangu ni binti wa mtaa wa Soweto, chini mjini, anayeuza kwenye duka la dawa, mwenye maneno ya Dar na kucha ndefu. Siku alipokuja kupima gauni, mbwa alibweka mpaka sindano ikanichoma. Nikajikuta namweleza yote. Akatoa simu akanionyesha picha za watu na mbwa wao kwenye uwanja.

"Mama, sisi tuna kundi letu, Jumamosi jioni tunakutana Rau. Kila mtu na mbwa wake, tunafundishana. Njoo tu ucheki. Kule hakuna mtu atakucheka."

Huo ulikuwa uongo, walinicheka sana. Nilikwenda mara ya kwanza bila mbwa, nikasimama mbali, mkoba umekumbatiwa kifuani. Ni uwanja wa majani tu, msitu upande mmoja na majaruba ya mpunga upande wa pili. Nusu ya watu walikuwa wanawaongelesha mbwa wao Kiingereza, sijui nani aliwaambia mbwa wamesoma. Binti yule alinitambulisha kwa wawili ambao baadaye walikuwa kama ndugu zangu. Mmoja alikuwa nesi mstaafu, mtu mzima kuliko mimi, mwenye kijibwa cheupe ambacho kilikuwa hakimsikilizi kabisa. Mwingine alikuwa muuza spea za pikipiki, Muislamu wa mjini, ambaye mbwa wake alilinda ghala. Yeye alikuja na glavu za mpira na koti la kazi lililokaa mbali na nguo zake za sala. Mate ya mbwa yakimgusa ana utaratibu wake wa kujitwaharisha, na kundi zima lilijua kumpisha bombani.

"Unaogopa nini hasa, mdogo wangu?" nesi aliniuliza.

"Meno."

"Na mimi pia," akasema. Alikuwa ameshona vidonda vya mbwa maisha yake yote ya kazi. Alifuga kijibwa kile kwa sababu meno yake yalikuwa madogo.

Muuza spea aliposikia habari ya banda lisilo na dirisha hakushangaa. "Dada, hata mimi wangu nilimfuga gizani. Mpaka siku aliponikosakosa mimi mwenyewe. Mbwa wa gizani hajui adui ni nani, kila kinachotembea kwake ni adui. Tutatoa mbao moja kwanza."

Wakapanda kwangu Jumamosi iliyofuata. Muuza spea akang'oa mbao moja, iliyo usawa wa macho ya mbwa, huku mbwa akijipigiza ukutani kwa ndani mpaka vumbi likamwagika. Mimi nilikuwa jikoni, mlango umefungwa kwa komeo, nikiwatazama kwa dirishani. Nesi alikuja kugonga. "Toka," akasema. "Anayetakiwa kuonekana ni wewe, si sisi."

Walinipa kazi rahisi, na mpaka leo sijui kama nimewahi kufanya ngumu kuliko hiyo. Nilitakiwa nikae mahali mbwa anaponiona, kila siku, nisifanye lolote. Nikahamishia cherehani uwanjani, mbele ya ule mwanya. Siku za kwanza nilishona vitu vya kutupa, mishono ilikwenda kama njia ya siafu. Jicho moja lilikuwa kwenye kitambaa na jingine kwenye jicho la njano lililokuwa kwenye mwanya. Mara kwa mara nilitupa kipande cha maini ya kuchemsha. Mwanzoni alikiacha mpaka niondoke. Kisha akawa anakula nikiwepo. Kisha nikagundua kwamba cherehani ikilia ananyamaza, nikisimamisha mguu ananguruma. Kwa hiyo nilikanyaga hata wakati sina nguo ya kushona, nikakanyaga tu uzi ukiwa umeisha, mteja akinikuta anadhani nimerukwa na akili. Lakini hofu haikupungua hata chembe. Watu husema utazoea, na mimi nilichozoea ni kufanya kazi huku naogopa.

Mbao ya pili ikatolewa, na ya tatu. Binti wa Soweto ndiye aliyemvisha mkanda shingoni kupitia mwanya, na kucha zake zile, akimwimbia. Siku tuliyofungua mlango, muuza spea alishika kamba moja na mimi nyingine. Mbwa alitoka, akapepesa macho, akatembea moja kwa moja mpaka kaburini, akalala pale. Tulisimama.

Baada ya hapo tulishuka naye Rau kila Jumamosi. Akajifunza kukaa nikimwambia kaa, na kusubiri nikimwambia subiri, tena upesi kuliko kijibwa cha nesi, ambacho hakikujifunza mpaka mwisho. Alimkubali binti, akamkubali muuza spea. Watoto wa jirani wa binti walipita karibu naye na mpira, akawatazama tu. Lakini nesi hakumkubali. Akimkaribia, mbwa alisimamisha manyoya, akavuta, akaonyesha meno mpaka fizi. Na siyo nesi tu. Mzee yeyote aliyekatiza uwanja kutoka shambani, bibi yeyote mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe, ilikuwa hivyohivyo. Tukasema labda hapendi mitandio. Labda fimbo. Nilijua mtu anayekuja Krismasi ana vyote viwili, na usingizi wangu ukawa wa vipande vipande.

Desemba ilipokaribia, kundi likapanda kwangu kufanya kile walichokiita Krismasi ya uongo. Walileta masufuria ya kugonga, redio, na watoto waliokaa nje ya uzio wakapiga kelele. Muuza spea aliigiza mjomba mlevi, yeye ambaye pombe ya mbege hajawahi kuigusa kwa ulimi, na tulimtania kwamba anayumba vizuri mno. Mbwa alikaa pembeni yangu, ametulia. Binti alikuwa anarekodi kwa simu. Nikaanza kufikiri kwamba inawezekana.

Kisha nesi akaingia getini akiwa mama mkwe. Mtandio begani, fimbo mbele, mwendo wa polepole, mkono wa kulia umenyooka.

"Wenyewe mpo?"

"Shikamoo mama," nikasema.

Kilichofuata nilikisikia kabla ya kukiona. Mbwa alikuwa juu yake. Aliushika mtandio begani, nesi akaanguka kwa makalio, fimbo ikaruka, na muuza spea akajitupa juu ya kamba na kuvuta kwa nguvu zote. Nesi alikuwa na mchubuko wa jino mkononi. Alijiosha mwenyewe kwa sabuni bombani muda mrefu, akitutuma huku na kule kwa sauti ya wodini, wakati mimi nimeinama kwenye mashina ya kahawa natapika.

Hakuna aliyenigombeza. Hilo nalo liliniuma. Walimrudisha mbwa bandani, wakaketi kwenye ngazi za nyumba, nesi kafungwa kitambaa. Nikawaambia imetosha, nampigia shemeji alete nyama yake leo hii, kabla sijaua bibi wa watu.

"Subiri kwanza, mama," binti akasema. Alikuwa ameinamia simu muda wote. "Njoo uone hii."

Nilikataa kutazama, akaniwekea simu magotini. Nesi anaingia. Mbwa amekaa. Amekaa vizuri kabisa, masikio mbele, hajainuka hata kidogo. Kisha mimi. Mkono wangu wa kulia unafunguka, kamba inaanguka chini, nainama, napiga goti kidogo, nanyoosha mikono yote miwili kumpokea nesi. Mbwa anageuza kichwa, ananitazama. Ndipo anaruka.

"Rudisha," nikasema. Akarudisha.

Nilikuwa simfahamu mwanamke yule kwenye simu. Sikumbuki kuachia kamba. Lakini mtu mzima alikuwa ananipa mkono, na mtu mzima hasalimiwi ukiwa na kitu mkononi. Binti akafungua za zamani, za uwanjani. Kila alipopita mzee, mimi hapo, kamba chini au imelegea kwenye kidole kimoja, magoti yanakunjika. Kwa macho ya mbwa, kila akija mtu mwenye nywele nyeupe mimi naishiwa nguvu na kuanguka mbele yake. Angefikiri nini? Kwamba ninapigwa. Na yeye alikuwa anafanya kazi aliyonunuliwa kuifanya.

"Dada," muuza spea akasema taratibu, "huyo mbwa hana shida na wazee. Siku hiyo usiachie tu."

Alisema kama jambo dogo. Hakumjua mama mkwe wangu. Nilipoolewa, wiki ya kwanza, alinikuta njiani natoka kuchota maji, nikamwamkia ndoo ikiwa kichwani na mkono mmoja umeishika. Hakuitika. Alinigeuzia mgongo, na ilibidi nirudi mpaka bombani, niitue ndoo, nianze upya safari ya kumwendea mikono mitupu, majirani wanatazama. Miaka yote ile sikuwahi kumwamkia tena nikiwa nimeshika hata leso. Sasa nilitakiwa nimwamkie mbele ya ukoo mzima nikiwa nimeshika mbwa. Nilikaa kwenye ngazi zile nikapima hofu zangu mbili, ya meno na ya mgongo wa mama mkwe, na sikuona iliyo ndogo.

Kesho yake asubuhi nilikata jani la isale kwenye mpaka wa shamba, nikalifunga fundo, nikashuka nalo Rau kwa nesi. Kwetu ukimpelekea mtu isale hawezi kukunyima msamaha, lakini njia nzima niliogopa atakuwa wa kwanza kuninyima. Alilipokea, akalichomeka kwenye chupa ya maji dirishani.

"Jumamosi nakuja tena," akasema. "Ila safari hii kama mimi mwenyewe. Na ukiniachia kamba, isale yako nakurudishia, na mgongo nakugeuzia mimi."

Tukafanya zoezi moja tu, tena na tena. Nesi ananijia, ananipa mkono, mimi nasema shikamoo na mkono wangu haunyanyuki. Mwili ulikataa. Mkono ulikuwa unafunguka wenyewe, binti anapiga kelele "kamba", naukunja tena. Wenzangu walitafuta wazee wengine, mmoja baada ya mwingine, wakubali kunyimwa mkono. Mzee mmoja atokaye kanisani, ambaye hatukumwandaa, aliondoka akinung'unika kwamba wanawake wa siku hizi wanaamkia kwa mdomo tu kama kasuku. Nilitaka kumkimbilia. Mbwa alikuwa amekaa. Na kadiri mkono wangu ulivyojifunza kubaki, ndivyo manyoya yake yalivyolala, mpaka nesi akaweza kusimama mbele yetu na kutuambia habari za kijibwa chake.

Krismasi watu walipanda. Gari la shemeji lilisimama nje ya geti, na watoto wakaambiwa wabaki ndani, vioo juu. Kwenye kiti cha mbele niliona kifurushi cha gazeti. Shemeji aliteremka na panga, akasimama pembeni bila kunisalimia. Kundi langu hawakuwepo, ilikuwa siku ya familia, ila simu ilikuwa inatetema kwa ujumbe wao mfukoni mwa gauni langu muda wote. Mbwa alikaa kushoto kwangu, na mimi nilikuwa nimeizungusha kamba kwenye mkono wa kulia mpaka vidole vikafa ganzi.

Mama mkwe aliingia peke yake. Hakutaka kushikwa. Fimbo mbele, mtandio begani, macho yake yakitafuta kivuli changu. Nilihisi mbwa anaanza kutetemeka kwenye paja langu. Magoti yangu yakaanza kukunjika, nikayanyoosha.

"Shikamoo mama."

Hakuitika. Alinyoosha mkono, akangoja. Mkono ule ulikaa hewani kati yetu, na wangu ulikuwa unauma kwa kutaka kufunguka. Nikaona mabega yake yanaanza kugeuka, kama siku ile ya ndoo.

"Shemeji," shemeji akasema, "mama anakupa mkono."

"Naona," nikasema. "Mama, nisamehe. Nimemshika mbwa. Nikimwachia atadhani unanipiga."

Alisimama. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akisikiliza.

"Nasikia mtu anatetemeka," akasema. "Ni wewe au yeye?"

"Wote wawili, mama."

Mbwa alivuta mara moja, kamba ikanikata, nikasema kaa, akakaa.

"Huyu ndiye alikuwa anapewa chakula na mwanangu?"

"Ndiye."

Mama mkwe akaurudisha mkono wake kwenye fimbo. "Basi usinipe mimi mkono," akasema. "Mshike huyo. Mshike kwa mikono miwili."

Nikaleta mkono wa kushoto juu ya kamba, juu ya ule wa kulia. Alisubiri mpaka akahisi nimefanya hivyo. Ndipo akaitika.

"Marahaba, mwanangu."

Akatupita, fimbo ikitafuta njia ya kwenda kaburini. Mbwa alimfuata kwa macho bila kuinuka. Mimi sikusogea. Nilibaki palepale, nikiogopa vilevile, kamba imekazwa kwa mikono miwili, mpaka shemeji alipoliweka panga chini, akachukua jembe na kile kifurushi, akaenda kukifukia nyuma ya kahawa.